Shangazi Nafungiwa alivyonishindia kesi

Nianze na ushauri ulionichelewesha kukidai kituo cha vijana kilichonifungia. "Yameshapita, shukuru Mungu u mzima." "Tafuta wakili mkali, mengine atayajua mwenyewe." Na juzijuzi mwingine kaniambia, "Si Marekani wamepitisha sheria Desemba 2024? Ungedai kwa hiyo!" Nimeisoma. Inaagiza utafiti kuhusu vituo vya vijana. Haimlipi mtu hata senti.

Nilipelekwa kituo hicho, jimbo la Utah, Marekani, mwaka 2018, nina miaka 16. Wanaume wawili waliingia chumbani kwangu, Ohio, saa kumi alfajiri. Mama kasimama mlangoni analia, keshasaini. Aliambiwa ni shule ya kunyoosha vijana wakaidi, na ada yake ilikomba akiba yote ya zamu zake za usiku.

Kule barua zilisomwa kabla hazijatoka. Ukilalamika, inachanwa na wewe unashushwa daraja. Kiswahili kilipigwa marufuku kwa kuwa hakuna aliyekijua. Basi nikaandika Kiingereza safi cha mtoto aliyetubu: nakula vizuri, najifunza kuwajibika. Mwishoni nikaweka salamu: mnisalimie shangazi Nafungiwa, binamu Sikutatu, mjomba Pekeangu na pacha wake Bilablanketi. Msomaji wa barua akanisifu kwa kuukumbuka ukoo. Nusura nicheke, na kucheka nako kulikuwa na adhabu yake.

Mama aliisoma akasema mtoto kachanganyikiwa. Tena alishaonywa kwamba tutadanganya ili turudishwe. Bibi, aliyekuwa akiishi nasi, akaomba asomewe yale majina polepole. La pili halijaisha akasimama: "Wewe! Mtoto kafungiwa huyu!" Kunitoa kulichukua wiki tatu nyingine, lakini mama hakuniamini sawasawa hadi 2021, Paris Hilton, nyota wa televisheni aliyewahi kufungiwa kituo kama hicho, alipotoa ushahidi mbele ya maseneta wa Utah. Mwanawe wa kumzaa hakutosha.

Kudai haki nilianza vibaya. Niliandika kurasa 22 za uchungu nikazituma kwa mawakili kumi na kitu. Wawili walijibu, wote "pole". Nilimpigia mmoja wao, akaniambia, "Kijana, nakuamini. Karatasi unazo?" Akaongeza kwamba katika majimbo mengi muda wa kufungua kesi huanza kuhesabiwa ukitimiza 18, ila wakisema yaliyokupata yalikuwa matibabu, unaweza kuwa mfupi zaidi. Nilikuwa nimeshapita 19. Sikulala.

Niliomba faili langu la matibabu kwa maandishi. Sheria ya shirikisho inawapa watoa tiba siku 30. Wangu walijibu siku ya 29, kurasa kama mia tatu, zimechanganywa kama karata. Usikubali muhtasari, utapewa karatasi mbili zinazonukia. Omba lote, na daftari la chumba cha kutengwa ulitaje kabisa.

Nilitandaza kurasa sakafuni, mchana kutwa. Ukurasa mmoja ulisema "ameomba mwenyewe muda wa utulivu, dakika 40." Daftari la tarehe ileile lilikuwa na alama za kunichungulia kila baada ya dakika 15, kwa saa 72. Mwandiko mmoja, kalamu moja. Yaani mfanyakazi mmoja hakulala siku tatu, wala hakwenda msalani! Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Ilibaki barua. Mama alikuwa nayo, bahasha hana. Bibi akaenda chumbani, akarudi na kopo lake la vifungo: bahasha imo, muhuri wa posta unasomeka, siku mbili baada ya alama ya mwisho.

Hatukufika mbele ya jaji. Tulikaa na msuluhishi, pamoja na mtafsiri aliyeapishwa. Wakili wa kituo akaipitia barua, akauliza kwa dharau huyu Bilablanketi ni nani na kwa nini haitwi kuhojiwa. Mtafsiri akamweleza, jina baada ya jina. Akafunga faili, akaomba mapumziko ya dakika kumi. Alirudi baada ya saa nzima, na tarakimu.

Wakili wangu alichukua theluthi yake. Iliyobaki ilimaliza deni la chuo na kuninunulia gari lililochoka. Walitaka pia nisaini kunyamaza. Nikakubali kuficha jina la kituo na kiasi. Mengine nikagoma, wakapunguza fedha, mama akanuna wiki nzima.