Ufunguo wa kaka angu

Kaka angu ana skizofrenia. Nautaja ugonjwa huu wa akili kwa jina kabisa maana nimechoka kusema "hayuko sawa kidogo". Mwaka wa tisa huu, kalazwa mara nne, na kila akiruhusiwa maswali ni yale yale, dawa anameza? sindano ya mwezi anachoma? usingizi anapata? Hajawahi kutokea mtu akatuuliza huyu anaenda kulala wapi na akiamka asubuhi anaongea na nani.

Mara tatu alienda kulala kwenye kochi sebuleni kwa dada yetu mkubwa. Vyumba viwili watu saba, na watoto wameambiwa wasimsumbue anko, mwisho wa siku ikawa hawaongei nae kabisa, sahani yake inapelekwa pembeni anakula anatazama ukuta. Dada simlaumu hata kidogo, kabeba mzigo wetu sote. Ila dawa alikuwa anakunywa vizuri tu na bado wodini alirudi.

Mara ya nne tukasema tumpangie chumba. Baba mwenye nyumba wa kwanza nikamweleza ukweli, akasema hapana mwanangu, hapa kuna watoto. Wa pili tukanyamaza, akapokea kodi ya miezi sita, wiki ya tatu wapangaji wakasikia eti katoka Mirembe (Dodoma hajawahi hata kufika, ila kwetu ukishaumwa akili basi we ni wa Mirembe), tukakuta godoro lake liko nje. Wa tatu ni mama mmoja wa Mbagala, nikamwambia kila kitu, akauliza kitu kimoja tu, anavuta sigara? Anavuta. Basi atavutia nje, mlete.

Siku ile ya kwanza nilimwacha chumbani, nikawa nimesimama nje namsikia anafunga mlango, anafungua, anafunga tena, kama mara sita hivi. Ufunguo kaufunga kwa kamba ya kiatu anauvaa shingoni, mpaka kuoga anaoga nao. Miaka yote hiyo hakuwahi kuwa na mlango wa kwake jamani.

Nikaanza kusoma usiku na usiku. Kumbe kuna mwanasaikolojia anaitwa Sam Tsemberis, mwaka 1992 akiwa New York alikataa ule utaratibu wa kumwambia mgonjwa anayelala barabarani kwanza upone, kwanza uache ulevi, ndo tukufikirie nyumba. Yeye anaanza na nyumba, matibabu yanamfuata mtu kwake. Canada wakaja kuipima njia hiyo miji mitano, 2009 hadi 2013, watu kama 2,000, na waliopewa nyumba na watu wa kuwafuatilia walidumu kwenye makazi kuliko waliobaki kwenye huduma za kawaida.

Lakini chumba peke yake hakitoshi, hilo nimeliona kwa macho yangu, maana mwezi wa kwanza alijifungia siku nne na hakuna jirani aliyejua. Ndo maana mimi moyo wangu uko zaidi kwa Geel, mji mdogo wa Ubelgiji ambako familia za kawaida zinaishi na wagonjwa wa akili majumbani mwao tangu enzi za mahujaji wa Mtakatifu Dymphna, yule anayeombewa na wagonjwa wa akili, karne na karne. Mwaka 1938 wagonjwa hao walikuwa zaidi ya 3,000, siku hizi wachache sana. Familia inapewa posho, ina muuguzi wa kumpigia simu, ila kwa desturi haiambiwi ugonjwa wenyewe, anapokelewa mtu. Sisi tunajisifu tunatunzana, sawa, lakini nani anampa dada yangu hata hiyo posho au namba ya kupiga saa nane za usiku?

Kaka sasa hivi jioni anashinda kijiwe cha kahawa karibu na hapo. Bao hachezi, anakaa tu, na siku nyingine anaongea peke yake na wazee wanaendelea na kete zao. Wiki iliyopita nikapigiwa simu na namba nisiyoijua, mzee mmoja, nikamwamkia, akasema mwanangu, ndugu yako jana hakuja na leo hajaja, sisi tunaenda kumgongea. Walimkuta ana homa kali, malaria. Mmoja akamkokota mpaka zahanati, mwingine akabaki mlangoni kwake maana kaka alikataa kuondoka mpaka aone umefungwa.