Kipandauso, presha na ile dawa ya dukani

Jamani, leo nimeona niwasimulie. Kipandauso ninacho tangu nikiwa sekondari. Kikianza, upande wa kushoto wa kichwa unadunda kama ngoma, mwanga siutaki, natapika. Miaka yote nimekuwa nikinunua vidonge vya ergotamini duka la dawa hapo mtaani. Naonyesha ganda la dawa, napewa, naondoka. Hakuna aliyewahi kuniuliza presha yako ikoje.

Wiki iliyopita mkono wa kushoto ulikufa ganzi, kikombe cha chai kikaniponyoka. Mume wangu akanikimbiza hospitali. Presha 180 kwa 110! Daktari akaniambia haikuwa kiharusi, ila nilikuwa nachezea hatari. Ergotamini inabana mishipa ya damu, na sumatriptani, dawa nyingine ya kipandauso, pia. Mwenye presha isiyodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, au aliyewahi kupata kiharusi hapaswi kuzitumia.

Akaniuliza, kabla ya kichwa kuanza unaona vimulimuli? Naviona, mistari ya mwanga inayocheza machoni. Na uzazi wa mpango unatumia nini? Vidonge. Akaguna. Kumbe kipandauso cha namna hiyo peke yake kinaongeza hatari ya kiharusi, na vidonge vyenye homoni ya estrojeni vinaizidisha. Nimebadilishiwa njia siku ileile.

Dada zangu mnaoona vimulimuli, mwambieni mhudumu wa uzazi wa mpango, hata asipouliza. Mimi kesho narudi kupima presha.