Kitambulisho cha mwaka 2008

Nikipanga droo leo asubuhi nimekikuta kitambulisho changu cha kazi cha mwaka 2008, picha imepauka na kamba imekatika. Wakati ule nilikuwa nikifanya usafi usiku katika jengo moja la ofisi jijini London, na mara moja nimeikumbuka Ijumaa ile ya Novemba nilipookota gazeti lililoachwa kwenye kiti cha basi, nikasoma kwamba polisi wamemkamata Damian Green, mbunge wa Ashford na waziri kivuli wa uhamiaji wa chama cha Conservative.

Alikamatwa jana yake, tarehe 27, na maofisa wa kikosi cha kupambana na ugaidi, mashambulizi ya kigaidi ya Mumbai, India, yakiwa bado yanaendelea. Walimshikilia muda wa saa 9, wakapekua makazi yake na ofisi zake, kwa tuhuma za kula njama na Christopher Galley, kijana mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Ndani aliyekuwa akimpelekea nyaraka. Kilichowawasha zaidi wabunge ni kwamba ofisi ya bungeni nayo ilipekuliwa bila hati ya mahakama: polisi walimpa Mpambe wa Bunge, ofisa wa usalama wa Bunge abebaye siwa, fomu ya ridhaa, naye akatia saini. Tarehe 3 Desemba Spika Michael Martin alilieleza Bunge kuwa polisi hawakumwambia mpambe huyo kwamba alikuwa na haki ya kukataa. Mwenye siwa hakujua kuwa anaweza kufunga mlango!

Mimi nilikuwa na sababu nyingine ya kuifuatilia habari hiyo. Moja ya siri zilizovuja, Februari mwaka huohuo, ilihusu mtu wa usafi aliyekutwa akifanya kazi bungeni ilhali hakuwa na kibali cha kuishi Uingereza. Wiki ile msimamizi wetu alituita mmoja mmoja tumwoneshe pasipoti, na wenzetu wawili hawakuonekana tena. Mmoja aliacha kandambili zake stoo, nyuma ya ndoo za kudekia.

Kwa hiyo sikuwa na sababu ya kumpenda Green, na bado, nikiwa nimesimama ndani ya basi lile, niliona polisi wamekosea. Serikali ilikuwa imeficha aibu, si silaha, na kazi ya mpinzani ni kuianika aibu hiyo hata kama gharama yake inawaangukia watu kama sisi. Mkurugenzi wa Mashtaka wa wakati huo, Keir Starmer, alifikia uamuzi unaokaribiana na huo tarehe 16 Aprili 2009: hakuna atakayeshtakiwa, kwa kuwa habari zenyewe hazikuwa siri za usalama wa taifa. Wiki moja kabla yake Bob Quick, mkuu wa kikosi kilichomkamata Green, alikuwa amejiuzulu baada ya kupigwa picha akiingia Downing Street, ofisini kwa waziri mkuu, na waraka wa siri mkononi ukisomeka waziwazi. Huyo hakukamatwa na mtu.

Galley alifukuzwa kazi. Green alikuja kuwa waziri wa uhamiaji mwaka 2010, akawa anapelekewa nyaraka za wizara ile kihalali. Mimi niliacha kazi mwaka huohuo, na siku ya kurudisha funguo kandambili zilikuwa bado palepale stoo, zimeshika vumbi.