Datsun ya kuku, injini ya Vanette

Mnaoniuliza nimepotelea wapi, sijahama Tabora jamani, nipo Isevya palepale, ni vile tu tangu mwezi wa tano kila nikitoka kazini nilikuwa naingia chini ya gari na nikitoka chini ya gari naingia kulala. Gari lenyewe ni Datsun 1200 pikapu, vile vidogo vya zamani ambavyo mkikaa watu wawili wanene hata gia inakuwa ya ugomvi. Niliikuta Sikonge kwa mzee mmoja mfuga nyuki, imekaa chini ya mwembe, injini imekufa siku nyingi na kuku wanalala ndani, jogoo ndiye mwenye stelingi. Nikampa mzee laki sita na nusu, akacheka, akaniongezea na lita tano za asali juu, nadhani alinionea huruma.

Nilitaka kuigeuza hotirodi. Kwa wasiojua, vijana wa California huko Marekani kabla ya vita vya pili walikuwa wananunua Ford zilizochoka, wanang'oa madigadi, bampa, mpaka boneti, kila chenye uzito kisichosaidia gari kukimbia, wanapachika injini yenye nguvu kisha wanaenda kukimbizana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc, ambako chini ni bapa na pagumu kama sakafu. Ford ya 1932 ndio waliyoipenda kuliko zote maana ilikuja na V8, injini ya silinda nane, yenye nguvu za farasi 65 kwa bei ya mtu wa kawaida. Sasa mimi V8 naiweka wapi na petroli ya kuinywesha naitoa wapi. Ila ukikaa ukafikiria, si ndicho mafundi wetu wanafanya kila siku, gari la huku injini ya kule breki za lingine ili mradi mtu afike shamba, wenzetu tu walifanya kwa raha na sisi tunafanya kwa shida.

Injini ya kiwandani ya gari hili ni A12, cc 1171. Nikabahatika kupata A15 kwenye Vanette, kile kigari cha Nissan cha abiria na mizigo, iliyogongwa nyuma, cc 1488, ukoo mmoja kabisa na ile, gia boksi yangu ya Datsun ikafunga bila maneno. Sampu ya Vanette, lile bakuli la oili chini ya injini, ndio ilikataa, nikarudishia ya zamani. Kitu kimoja tu, kwenye A15 mwendo wa pistoni umeongezwa kutoka milimita 70 mpaka 82 na kwa hiyo bloku nayo imerefushwa kwenda juu. Hili nililisoma kabla. Nililisoma kabisa, nikasema aah, milimita ngapi hizo. Mtaona mbele.

Bodi nilifundishwa na babu mmoja fundi wa Ng'ambo, zamani alikuwa karakana ya reli. Siku ya kwanza nilimkuta amekalia ndoo anakula karanga, nikamwambia shikamoo babu, nina gari nataka kulipaka rangi. Marahaba, umeshalikwangua? Nikasema kidogo. Akasema basi wewe hutaki kupaka, unataka kuficha, nenda kakwangue urudi.

Nilikwangua wiki tatu. Paa lilikuwa limeliwa na mavi ya kuku, yalishapita rangi yakaingia kwenye bati yakaacha vishimo vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Chini ya milango ndio usiseme, ukichomeka kidole kinatokea upande wa pili, na pale babu alikataa katakata habari ya kujaza puti, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi. Puti inanyonya maji, gari linapendeza miezi mitatu kumbe kutu inaendelea na kazi yake kwa ndani, siku moja unafunga mlango kinadondoka kipande kizima kama mkate. Tukakata, tukachomelea bati jipya kwa vitone, hapa kimoja, pale kimoja, unasubiri papoe, maana bati la Datsun ni jembamba na ukilipelekea moto kwa pupa linajikunja lote. Ndipo puti ikaja, nyembamba, msasa namba 80, halafu 180, halafu praima, yaani rangi ya chini.

Sasa hapa kuna kitu ambacho peke yake kilinilipa zile wiki zote. Ukishapiga praima ya kijivu na ikakauka, unachukua rangi nyeusi ya kopo unapuliza kwa mbali sana, vumbi tu, gari linakuwa kama limepita kwenye masizi. Kisha unafunga msasa kwenye kibao bapa, siyo kwenye kiganja, unasugua. Palipoinuka weusi unatoka haraka, palipobonyea weusi unabaki. Mimi nilishapitisha mkono kwenye mlango wa kulia mara ishirini nikaapa uko sawa, kumbe katikati kuna bonde la ukubwa wa sahani ya wali. Babu hakusema kitu, aliendelea na karanga zake.

Rangi nilichagua maruni ya kawaida, siyo metalik ile yenye chenga za kumetameta, na siyo kwa sababu ya ladha. Kompresa niliyoazima kwa shemeji ni ndogo, ukipuliza dakika mbili tatu mfululizo presha inashuka na rangi inaanza kutoka matone matone badala ya ukungu, na ikikauka inaota harara. Kwa hiyo ilibidi nipake kipande kipande, leo boneti, kesho mlango, na ukipaka metalik kwa mtindo huo kila kipande kinakuja na wekundu wake, gari linakuwa kama limeokotwa. Maruni ya kawaida inasamehe. Na kila asubuhi unafungua ile nati ya chini ya tangi la kompresa utoe maji, mimi siku moja sikutoa nikapata vitundu vya duara kwenye bati la nyuma, rangi imekimbia kila mahali lilipotua tone.

Halafu hadina, ile dawa ya kugandisha rangi. Hizi rangi za kuchanganya na hadina zinakuwa ngumu na zinang'aa bila kuhitaji klia ya kupaka juu, lakini ile hadina ina kemikali inaitwa isosianeti, inaingia kwenye mapafu na kuna watu inawaachia pumu moja kwa moja. Mafundi wengi nimewaona wamejifunga kipande cha kanga puani. Kanga inazuia vumbi, mvuke ule inaupisha. Nilinunua maski yenye makopo ya mkaa mbavuni, mke wangu akasema nafanana na tumbili wa sinema, nikasema sawa.

Tatizo kubwa la Tabora mwezi wa tisa ni vumbi, mnalijua, upepo unaanza saa nne na hauna adabu. Nilizungushia turubai kibandani, nikawa namwagia maji sakafu kabla ya kupaka ili vumbi litulie. Wazo zuri tu, vitabu vyote vinasema hivyo. Ila vitabu havikuandikwa Tabora. Mwezi wa tisa mito imekauka na nyuki wanatafuta maji kama watu, na mimi nimewawekea sakafu nzima iliyolowa, kivulini. Nilikuwa kwenye mkono wa pili wa boneti nikasikia vuuu, nikajua ni kompresa. Wa kwanza akatua katikati kabisa. Mguu umenasa, anapiga mabawa ajinasue, na kila bawa likigusa linachora kimstari, akazunguka palepale mpaka akachora kitu kama ua. Nikataka kumtoa kwa kucha, babu akanipiga kofi la mkono, mwache, ukimtoa sasa hivi unatoa na rangi yangu. Tukasimama tunamtazama. Wakaja wengine. Jumla kwa gari zima walikuwa kumi na mmoja, nilikuwa nawahesabu kama deni. Rangi ilipokomaa siku nne baadaye nikawakwangua kwa wembe, nikasugua kwa maji ya sabuni na msasa 1500, kisha 2000, kisha polishi, na wote wakapotea isipokuwa bawa moja kwenye mlango wa kushoto ambalo limezama chini, ukiinama jua likiwa pembeni unaliona na mishipa yake.

Baada ya hapo nilifunga sakafu kwa magunia makavu na nikawa napaka saa kumi na mbili asubuhi, nyuki wakiwa bado wana baridi.

Kufunga gari nilidhani ndio starehe. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, miaka kumi na nne, nyaya za Datsun ni chache kuliko za nyumba ya vyumba viwili. Nikafunga zote kwa siku moja, nikageuza ufunguo, kimya. Taa hakuna, honi hakuna, stata inatoa klik moja ya kinyonge. Nilipima kila waya siku mbili nzima, moto upo, fyuzi nzima, nikaanza hata kuhisi majirani. Kumbe kwenye gari bodi yenyewe ndio waya wa kurudi, kila taa inashika ethi kwenye bati kwa boliti, na mimi boliti zote nimezikalisha juu ya maruni yangu nzuri nene, na rangi haipitishi umeme. Fundi umeme! Ilibidi nifungue moja moja nikwangue rangi mpya mpaka bati liwe jeupe, kisha napaka grisi nafunga. Hili sikumwambia babu, analisoma hapa kama wajukuu zake watamsomea.

Kioo cha mbele kwa upande wake kiliingia kama mchezo. Unavisha kioo mpira wake, kwenye ule mfereji wa mpira unazungushia kamba nyembamba iliyolowa sabuni, mmoja anakandamiza kwa nje, wewe ndani unavuta kamba taratibu na mpira unajikunja wenyewe kuingia kwenye ukingo, tp tp tp, mpaka kona ya mwisho. Ningeweza kufanya hiyo kazi tu maisha yangu yote.

Ikabaki boneti. Injini imeshawaka, inaunguruma vizuri, nimepunguza majani mawili ya springi za nyuma, bampa zote nimetoa, rimu pana, mtaa mzima umekuja kuangalia. Nikaweka boneti. Haishuki. Nikaisukuma, ngo. Juu ya kabureta nilikuwa nimetengeneza chujio la hewa kwa kopo la maziwa la kilo mbili, na zile milimita nilizozidharau mwezi wa tano zilikuwa zimekaa pale zinanisubiri. Ningefunga kila kitu kabla ya kupaka, nikaona kinachogoma, nikakata, nikafungua tena, ndipo nikapaka, nisingekuwa pale na gari lenye rangi ya wiki mbili na grinda mkononi. Babu aliniuliza nikukatie? Nikasema hapana. Nikabandika tepu, nikachora mraba, nikawasha grinda, na zile cheche za kwanza ziliporuka juu ya maruni nilifumba macho, kitu ambacho hakifai kabisa ukiwa na grinda.

Jumapili tulienda nayo mpaka Kwihara kwenye tembe la Livingstone na kurudi, mimi na kijana wangu, joto la maji halikupanda hata kidogo na gia ya tatu inavuta mpaka raha. Kadi bado ya kubadilisha, injini nyingine na rangi nyingine, hiyo nashughulikia wiki hii kabla trafiki hajanishughulikia. Chujio linachungulia nje ya boneti kama kichwa cha kobe na watoto wa mtaa wameshaipa jina gari zima, Kopo. Ila mawingu yameanza kujikusanya huku, na bado sijaunda kifuniko cha lile tundu, kwa hiyo usiku nafunika na sufuria. Ni lile la ugali, na ndani nasikia linaulizwa.