Repo ya Git imeharibika: waliniambia nifute, nikagoma

Mweleze programa yeyote kwamba repo yako ya Git (folda ya mradi yenye historia ya mabadiliko yake yote) imeharibika, atakujibu kabla hujamaliza: "Futa folda, vuta upya kutoka seva." Nililipata jibu hilo mpaka nikachoka. Linamfaa mtu ambaye kazi yake yote iko kwenye seva. Mimi nilikuwa na tawi zima la ripoti za mauzo ambalo sijalipush, yaani sijalituma seva, na juu yake kazi niliyoiweka kando kwa git stash, vitu ambavyo kwa kawaida haviendi seva kabisa. Kufuta folda kungekuwa kujichinja mwenyewe.

Ilivyotokea: nilifanya komiti (kuhifadhi hatua ya kazi kwenye historia) kwenye tawi la ripoti, nikahamia main, tawi kuu, kurekebisha kitu kidogo, umeme ukakatika. Kompyuta ya mezani, UPS, betri yake ya akiba, ilishakufa zamani. Umeme uliporudi nikafungua lile tawi, Git ikadai kuna objekti tupu. Objekti ni mafaili ya ndani ambamo Git huhifadhi kazi yako. Nikanakili folda nzima kwenye diski ya nje, ndipo nikaanza uchunguzi.

Amri iliyonisaidia kuliko zote ni hii: find .git/objects -type f -empty. Yakatoka mafaili machache ya baiti 0, yote ya dakika ileile umeme ulipokatika. Hapo moyo ukatulia. Yangekuwa ya tarehe mchanganyiko, au yana ukubwa wake lakini heshi (namba ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye maudhui) hazilingani, ningeshuku diski au RAM na kuiacha memtest86+, programu ya kupima RAM, ikeshe. Git, isipoambiwa vinginevyo, haisubiri kila objekti mpya ifike kweli kwenye diski. Inauachia mfumo endeshi uandike kwa wakati wake. Umeme ukikatika katikati, jina la faili linabaki, ndani hamna kitu.

Nikayaondoa hayo matupu, nikaendesha git fsck --full, amri ya kukagua repo nzima. Itamwaga mistari ya dangling, usiipotezee usingizi. Hizo ni objekti zisizorejelewa na yeyote. Tafuta missing na broken link. Komiti yangu ilikuwa hai, mti wake (orodha ya mafaili yake) pia. Blobu, yaani maudhui ya mafaili yenyewe, ndizo zilizopotea, na fsck inataja mti uliokuwa unazielekea. Ukiupa git ls-tree ule mti unapata majina. Nyingine nilizipata upesi kwenye nakala zangu, ikabaki moja ngumu: mauzo_mwezi.sql.

Hapa ndipo utamu. Asubuhi yake nilikuwa nimemtumia mwenzangu faili hilo kwa WhatsApp alikague. Nikamwomba alirudishe. Nikalipima kwa git hash-object: heshi tofauti kabisa na ile iliyopotea.

"Kaka, faili ni lilelile, sijagusa kitu," akaapa.

Hakudanganya, ila kompyuta yake ni Windows. Heshi ya blobu hutokana na neno blob, ukubwa wa faili kwa baiti, kisha maudhui yote. Baiti moja ikizidi, heshi nzima ya tarakimu 40 inakuwa nyingine. Amri ya file ikaniambia mistari inaishia CRLF, alama mbili za mwisho wa mstari za Windows, badala ya moja. Nikafuta ile ya ziada kwa tr -d '\r', nikapima tena. Bado! Nikalitazama mwanzo hadi mwisho kwa hexdump, inayoonyesha kila baiti, nikagundua editor yake ilipohifadhi iliongeza mstari mtupu mwishoni. Nikautoa, nikapima. Herufi za kwanza zikalingana, nikazifuata kwa kidole kwenye skrini hadi ya mwisho: ndiyo yenyewe. Nikapiga git hash-object -w, blobu ikarudi mahali pake, na fsck haikulalamika tena.

Najua kuna atakayesema ningeandika komiti mpya tu na faili la mwenzangu. Sawa, lakini komiti ya zamani ingebaki na tundu, na nisingejua kama alichonirudishia ndicho nilichoandika. Heshi ikilingana, huhitaji kumwamini mtu.

Index, orodha ya Git ya mafaili yanayoandaliwa kwa komiti ijayo, nayo ilikuwa imeharibika. Hiyo isikutishe: futa .git/index, kisha git reset. Stash zilikuwepo zote.

Kama Git yako ni 2.36 au zaidi, weka git config --global core.fsync all, ili isubiri data ifike kweli kwenye diski. Kwenye komiti kubwa inapunguza kasi kidogo, kwangu sioni tofauti. UPS nayo nimenunua, laki na ushee baada ya kubishana na muuzaji.