Kamera ya infraredi: ukali wa picha hauko kwenye megapikseli

Sensa ya IMX477, ile ya kamera ya HQ ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ina pikseli 4056 × 3040, kila moja upana wa mikroni 1.55. Silikoni yake huona mwanga wa urefu wa wimbi wa hadi karibu nanomita 1100, yaani hata infraredi tusiyoiona kwa macho. Kinachoizuia ni kile kioo cha kuchuja infraredi. Legeza skrubu mbili kwa ufunguo wa mm 1.5, ng'oa kifuniko, sukuma kioo kitoke. Waranti inakufa hapo hapo. Funga madirisha kwanza: vumbi la Moshi la kiangazi likitua kwenye sensa, utaliona katika kila picha.

Sasa weka filta ya nanomita 850, inayopitisha infraredi, mbele ya lenzi. Picha itatoka na ukungu, na wengi huilaumu sensa bure. Infraredi haikutani mahali pamoja na mwanga wa kawaida, tena kioo ulichotoa kilikuwa kinasogeza fokasi kwa takriban theluthi ya unene wake. Rekebisha upya pete ya nyuma, filta ikiwa mahali pake, huku umekuza picha kwenye skrini. Halafu usibane tundu la lenzi. Kwenye f/8, tundu likiwa dogo, nukta ya mwanga hutanuka kufikia mikroni 16.6, zaidi ya pikseli 10; kwenye f/2.8, tundu likiwa kubwa, ni mikroni 5.8 tu.

Piga picha mbichi (raw), vipimo vyote vikiwa vimefungwa:

rpicam-still --raw --shutter 2000 --gain 1 --awbgains 1,1 -o mgomba.jpg

Kwa kupima ukali, chapisha nyota ya Siemens, mchoro wa miali myeusi na myeupe inayokutana katikati. Steshenari uliza kwanza: printa ya leza au ya wino? Wino mwingi wa rangi hauonekani kwenye infraredi, karatasi inabaki nyeupe tupu! Unga wa leza una kaboni, unabaki mweusi. Taa za LED za nyumbani nazo hazisaidii. Tumia jua au balbu ya halojeni. Rejea ya weupe ni utepe mweupe wa mafundi bomba, uliozungushwa matabaka kadhaa kwenye kibao.

Duara jeupe katikati ya picha ni mipako ya lenzi. Badili lenzi, usihangaike na programu.

Jaribio la mbali ni Kibo, kilele cha Kilimanjaro, alfajiri. Hewa hutawanya buluu ya nanomita 450 karibu mara 13 kuliko 850, kwa hiyo mabonde hujitokeza waziwazi. Wingu likishashuka, funga kamera: matone yake huzuia infraredi vilevile.