Besi baada ya miaka 60

Dodoma, Julai, usiku.

Upepo wa saa nne unapita chini ya turubai na vidole vya mpiga gitaa la besi aliyevuka miaka 60 vinakuwa kama vijiti vya mtama. Mwezi huu usiku wa hapa hushuka hadi nyuzijoto 13 au 14, na nyuzi za gitaa nazo hujikaza kwa baridi, sauti ikapanda kidogo. Besi iliyotyuniwa, yaani nyuzi kukazwa hadi sauti sahihi, saa tisa mchana juani, saa nne usiku imeshahama sauti. Ityuniwe upya kabla ya kupanda jukwaani, na tena baada ya nyimbo mbili tatu, ikishapata joto la mikono.

Watu huhesabu kazi ya besi kuanzia wimbo wa kwanza. Kwa mstaafu hesabu hiyo ina kasoro. Harusi ya mitaa ya hapa kama Ipagala au Kisasa ikiandikwa saa moja jioni, mitambo inafika saa tisa, maharusi wanaingia saa tatu, na muziki wenyewe ukijumlishwa hauzidi saa mbili. Mzee hachoshwi na nyimbo. Anachoshwa na kubeba, kusimama na kungoja, na huko ndiko pa kubana matumizi ya mwili.

Kwanza, spika. Boksi kubwa la spika nane za inchi 10 linapita kilo 60, na kwenye bajaji halikai. Kwa kumbi nyingi za hapa halihitajiki hata kidogo: kisanduku cha DI, kiunganishi kinachoingia mfuko wa koti, hupeleka besi moja kwa moja kwenye mikisa, mtambo wa kuchanganya sauti, na wasikilizaji hawatajua tofauti. Shida ni mpigaji mwenyewe kujisikia. Ama fundi mitambo ampe besi kwenye spika ya jukwaani, ama aje na boksi dogo la spika moja ya inchi 12 na kuliweka juu ya kreti tupu la soda, limwelekee sikioni. Likikaa chini linapigia magoti, na magoti hayasikii. Ndipo mtu huongeza sauti mpaka mwimbaji ananuna.

Besi yenyewe ina kilo 4 au zaidi. Mkanda mwembamba hukata bega; mkanda wa upana wa sentimeta 8 hadi 10 hugawa uzito. Kuna wanaoona kupiga umekaa kitini ni aibu. Mimi naona aibu ni kupoteza mdundo wimbo wa kumi kwa sababu ya kiuno.

Sasa mkono wa kushoto, maana hapa ndipo umri unapojitokeza. Besi ya kawaida ina urefu wa uzi wa inchi 34. Kutoka freti ya 1 hadi ya 4, vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo ya gitaa, ni sentimeta 13 hivi, na kuweka kidole kimoja kila freti hapo ni kazi ya vijana. Wapiga besi ile kubwa ya kusimama walishaitatua zamani: kwenye freti tano za mwanzo tumia kidole cha shahada, cha kati na cha mwisho, cha pete kikimsaidia mdogo wake kubana. Mkono unafunika freti tatu tu, kisha unahama mzimamzima. Kiganja kisibane shingo kama mpini wa jembe; dole gumba lipumzike nyuma, kifundo kinyooke. Bana karibu kabisa na freti, kwa nguvu ya kutosha tu uzi usikwaruze freti, basi. Asiyeweza hata hivyo atafute besi fupi ya inchi 30: umbali uleule unakuwa sentimeta 11 na kitu.

Muziki wa dansi ndio unaoumbua mkono. Beti za mwanzo ni za kupumulia, waimbaji wakipokezana. Kisha chemko, sehemu ya kuchezesha watu, besi inarudia mdundo mmoja dakika tano, sita, bila pa kukimbilia. Anayekung'uta nyuzi kwa nguvu hapo ataishiwa. Pandisha sauti ya amplifaya, gusa taratibu. Uchovu wa misuli huisha ukilala. Ganzi ni habari nyingine: ikikaa kwenye dole gumba, shahada na cha kati, neva inabanwa kifundoni, ikikaa kwenye kidole cha mwisho na cha pete, mara nyingi ni kiwikoni. Hiyo ipelekwe hospitali, isipakwe dawa ya kuchua.

Masikio: pamba haisaidii kitu. Nunua vizibo vya wanamuziki. Kelele ya desibeli 94 sikio huivumilia saa moja, ya 100 dakika 15, na mpiga besi kwa desturi husimama ubavuni mwa sahani za dramu.

Kiangazi cha hapa kinakausha mbao. Ubao wa vidole, ule wa shingoni uliobeba freti, unasinyaa, freti za chuma hazisinyai, ncha zake zinachomoza na kukwaruza kiganja. Fundi azipige tupa. Shingo nayo hujipinda. Tyuni kwanza, kisha bana uzi mnene freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, utazame freti ya 8. Nafasi iwe kama unene wa kadi ya mwaliko, milimita 0.3. Uzi ukilalia freti, legeza fito ya chuma iliyo ndani ya shingo robo mzunguko, tyuni, pima tena. Robo, si zaidi.

Umeme ukikatika na jenereta kuwashwa, besi huanza kuunguruma yenyewe. Usiruhusu mtu akate waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, kuondoa mngurumo, hiyo inaua. Kisanduku cha DI kina swichi ya kuondoa mngurumo. Friji la vinywaji nalo lisitumie ekstensheni moja na amplifaya.

Wimbo wa mwisho ukiisha, pitisha kitambaa kikavu juu na chini ya kila uzi, maana jasho na vumbi la Dodoma hugeuka tope linaloua mlio. Besi yenye betri ichomolewe jeki, plagi ya waya wake, vinginevyo betri ya volti 9 inaliwa usiku kucha. Kijana akija na "Shikamoo mzee, nikubebee?", itikia marahaba, mpe begi.